Mark X: namna ya kuipima kabla hujatoa pesa

Mtu akinipigia simu kuniambia ameona Toyota Mark X nzuri na anataka kuinunua, sianzi kumuuliza bei wala rangi. Namuuliza: "Ulipofika, injini ilikuwa baridi au ya moto?" Wengi hawakumbuki. Walifika jioni baada ya kazi, wakaikuta imeoshwa, imepigwa polishi, imeshawashwa na ndani kiyoyozi kimeshapoa. Wakapanda, wakapiga raundi moja hapa Unguja kutoka Amaani hadi Mwanakwerekwe, wakarudi nyumbani roho zimeshabaki kwenye gari.

Gari hii haipimwi hivyo. Ni sedani ya ukubwa wa kati iliyoundwa iwe na mbio na starehe kwa pamoja: imelala chini, boneti ndefu, injini ya V6, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kila kinachokufanya uipende kwa macho kina mahali kinapolipiwa, na mahali penyewe ni chini ya bodi, kwenye bushi (zile raba za maungio ya miguu ya gari) na kwenye oili. Tenga asubuhi moja, chukua tochi, kitambaa cheupe, sumaku ndogo, kipande cha boksi na watu watatu wa kupanda nawe. Mmoja awe mtu mzima wa umri wa mama yako.

Ujue ni ipi iliyo mbele yako

Mark X ilitoka Japani Novemba 2004 kushika nafasi ya Mark II. Toleo la kwanza lilitengenezwa hadi 2009, la pili kutoka 2009 hadi 2019, kisha jina likafungwa. Usitegemee maneno ya muuzaji. Isome namba ya chesisi. GRX120 ni toleo la kwanza la injini ya lita 2.5, GRX121 ni ya lita 3.0. GRX130 ni toleo la pili la 2.5, na GRX133 ni ile ya 3.5. Ukiona GRX125 au GRX135, hiyo ni Four, inavuta magurudumu yote manne.

Kuhusu Four kuna jambo watu hawalifikirii. Gari za namna hiyo hupendwa sana na watu wa sehemu za theluji huko Japani, kama Hokkaido, na huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Kwa hiyo gari inaweza kuteremka hapa bandarini Malindi ikiwa imeshakula chumvi miaka kumi, kisha inakuja kuishi kwenye kisiwa ambacho upepo wake wenyewe una chumvi. Sisemi usiinunue. Nasema ukiiona Four, inama mara mbili.

Kwa nguvu, 2.5 ya toleo la kwanza ina farasi 215. Ya toleo la pili ina 203, kwa sababu ilirekebishwa itumie petroli ya kawaida. Ile ya 3.0 ina 256 na ya 3.5 inafika 318. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kilomita hamsini na kitu, na njiani kuna vijiji, skuli, baskeli, ng'ombe na watoto. Kwa maoni yangu 2.5 inatutosha na kubaki. Pesa ya ziada unayotaka kuiweka kwenye 3.5 iweke kwenye matairi mapya na shokapu.

Fika saa 1 asubuhi, uanze na bodi

Mwambie muuzaji tangu jana: "Nakuomba usiiwashe mpaka nifike." Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, usigombane naye, mwambie utarudi kesho. Ukirudi ukaikuta na joto tena, achana nayo.

Kisha simama hatua kumi nyuma ya gari, jua likiwa bado linapiga ubavuni. Mwanga wa asubuhi huonyesha mawimbi ya puti, ile ya kuzibia mabonyeo kabla ya rangi, ambayo jua la utosi huyaficha. Pitisha macho kwenye mstari unaotoka taa ya mbele, kupitia vitasa vya milango, hadi taa ya nyuma. Mstari huo kiwandani umenyooka. Ukiuona unapinda au unafifia kwenye mlango mmoja, hapo paliguswa. Sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa itakuthibitishia: penye puti nene haishiki.

Taa za mbele za gari hii zina uso wake wa pekee, duara tatu kila upande. Zitazame zote mbili kwa pamoja. Jua la kwetu huzitia umanjano, na huo si ugonjwa, fundi huzisugua zikang'aa. Lakini ikiwa moja ni ya manjano na nyingine ni nyeupe kama kioo kipya, uliza upande huo uligonga nini. Fungua boneti utazame bolti za fenda. Bolti iliyochubuka rangi imeshafunguliwa, na fenda haifunguliwi bila sababu.

Bampa ya mbele karibu zote zimekwaruzwa upande wa chini. Gari ina kama sentimita 15 tu kutoka ardhini, na matuta yetu hayana kipimo kimoja. Mkwaruzo wa rangi usikushughulishe. Kinachonishughulisha mimi ni kava ya chini ya injini, ile plastiki pana. Kwenye gari nyingi haipo: ilipasuka kwenye tuta, fundi akaing'oa na kuitupa. Bila hiyo, maji ya masika na mchanga hupanda moja kwa moja kwenye nyaya na mikanda.

Kama gari imetoka mnadani Japani, iombe karatasi yake ya mnada. Pana mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipokwisha rekebishwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Pale penye daraja ukiona R badala ya namba, gari hiyo iliwahi kupata ajali ikatengenezwa. Linganisha mchoro na kile ulichokiona kwa macho yako.

Inama

Hatua hii watu huiruka kwa sababu ya kanzu safi au suruali ya ofisini. Mimi niliiruka na ilinigharimu. Mark X yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba haijawahi kuguswa. Miezi miwili baadaye nilipata pancha karibu na Tunguu. Nikaweka jeki pale pake, chini ya ubavu, nikaanza kuipandisha. Gari haikupanda. Jeki ndiyo iliyopanda, ikaingia ndani ya bodi taratibu kama kidole kinavyoingia kwenye embe lililoiva, na unga wa kutu ukamwagika juu ya lami. Ubavu mzima ulikuwa puti na rangi nyeusi, chuma kimeshakwisha. Fundi bodi alikata na kuchomea kwa wiki tatu, na pesa niliyolipa ingenipatia gari safi zaidi tangu mwanzo. Lile neno "haijaguswa" bado linaniuma.

Basi tandika mkeka, lala, washa tochi. Anza kwenye pale pa kuwekea jeki, pande nne. Gonga kwa kidole kilichokunjwa: chuma kizima hujibu kwa sauti kavu, kilichooza hujibu kwa sauti butu, na puti hunyamaza. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa karibuni chini ya gari ya miaka kumi na tano iulizie. Si kila mara inaficha jambo, lakini mara nyingi inaficha. Tazama bomba za breki zinazokwenda nyuma, tazama mikono ya magurudumu ya nyuma, tazama sehemu ya ndani ya tao la gurudumu pale matope yanapokaa. Kutu ya juu juu ya rangi ya chungwa kwenye bolti ni ya kawaida kwetu. Kutu inayobanduka kwa tabaka kama ganda la mkate haina dawa ya bei rahisi.

Ukiwa chini hapo hapo, mulika difu (lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma) na gia boksi. Unyevu mweusi wenye vumbi ni jasho la zamani, tone linaloning'inia ni uvujaji wa leo.

Iwashe ikiwa baridi

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Injini za 2.5 za gari hizi, zinazoitwa 4GR-FSE, zina tabia mbili zinazojulikana kwa mafundi. Ya kwanza, nyingine hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Ya pili inatokana na namna ya kumimina petroli. Petroli haipiti kwenye vali za kuingizia hewa, inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa gari za zamani petroli ilikuwa inazisafisha vali ikipita. Hapa hakuna wa kuzisafisha, kwa hiyo masizi hujikusanya, na asubuhi injini ikiwa baridi hutetemeka kama mtu mwenye homa. Ikishapata moto inatulia, na ndiyo maana muuzaji mjanja huiwasha kabla hujafika.

Oili ikiwa chini ya alama ya kati, uliza ilibadilishwa lini. Fungua pia kifuniko cha rejeta, na fanya hivyo injini ikiwa baridi tu. Maji ya Toyota ya aina hii ni ya waridi. Ukiona maji ya rangi ya chai, basi mtu alikuwa anamimina maji ya kisima, na visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina magadi na chumvi. Rejeta na pampu ya maji vimeshaanza kuliwa.

Sasa weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini. Taa zote za onyo ziwake: injini, ABS ya breki, mfuko wa hewa, VSC ya kuzuia kuteleza. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu huenda kuna mtu ameizima kwa mkono wake. Halafu washa, mwenzako akiwa nyuma kwenye ekzosi na kitambaa cheupe.

Mzunguko utapanda juu ya 1,000 kidogo kisha utashuka wenyewe. Utasikia mlio mdogo wa tik-tik-tik kama cherehani ya fundi nguo, hiyo ni kazi ya kawaida ya pampu na sindano za petroli. Mlio wa mnyororo unaokwaruza sekunde mbili tatu za mwanzo si wa kawaida. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoingia pasipo pake. Kitambaa kikirudi na vumbi jeusi kavu, sawa. Kikirudi na mafuta meusi yanayoteleza, ringi zinakuzungumzia.

Fundi ninayemwamini, mzee wa pale Mwanakwerekwe, huweka chupa ya maji nusu juu ya kava ya injini na kutazama uso wa maji. Siku moja nilikuwa na haraka, nikamwambia, "Mzee, si inatosha, imeshawaka." Akanijibu, "Mwanangu, subiri. Kuwaka ni kuwaka, kutulia ni kutulia." Yale maji yalikuwa yanacheza, yanasimama, yanacheza tena, kila baada ya pumzi moja. Silinda moja ilikuwa inamisi, yaani haichomi petroli kila zamu yake, na kwa sikio langu nisingeijua.

Kaa ndani, na umkalishe mtu mzima

Starehe ya gari haipimwi na dereva peke yake. Kiti cha dereva cha Mark X ni kizuri, kinakushika mbavu, usukani uko karibu, dashibodi haichoshi macho. Lakini mlete mama yako au shangazi aingie nyuma na buibui lake. Gari imelala chini na paa linateremka nyuma, kwa hiyo ataingiza kichwa kwanza, kisha atajishusha, na wakati wa kutoka atatafuta pa kushika. Kama magoti yake yanauma, gari hii utaendesha wewe na yeye atapanda daladala. Mama yangu aliniambia wazi, "Gari nzuri, lakini nainuka kama natoka kisimani." Maneno hayo niliyazingatia, na nilipobadilisha nikatafuta yenye rimu za inchi 16 na matairi manene, ambayo ni laini zaidi kuliko ile ya inchi 18.

Nyuma wanakaa wawili kwa raha. Watatu wanabanana, kwa sababu shafti inayopeleka nguvu nyuma inapita katikati na sakafu imeinuka pale. Wa kati anakaa amepanua miguu safari nzima. Mgongo wa kiti cha nyuma unalala kidogo, jambo wengi hawalijui mpaka wameshaimiliki gari mwaka mzima.

Kiyoyozi kisubiri saa 6 mchana. Funga vioo, weka gari juani ikiunguruma dakika kumi bila kutembea. Kinajiendesha pande mbili, kwa hiyo weka mkono upande wa dereva kisha upande wa abiria. Ikiwa huku baridi na kule joto, gesi imepungua au vile vifuniko vya ndani vimekwama. Redio ya Japani mara nyingi inaishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Si sababu ya kuiacha gari, ila hesabu gharama.

Kilomita za kwenye saa ya dashibodi zisome pamoja na vitu vingine. Raba ya pedali ya breki iliyolika mpaka chuma, ubavu wa kiti cha dereva uliopasuka, usukani unaong'aa kama umepakwa mafuta: hivyo havilingani na kilomita 60,000. Tazama pembeni ya mlango wa dereva, mafundi wa Japani hubandika karatasi ndogo ya kubadilisha oili yenye namba za kilomita. Namba hazihitaji kujua Kijapani.

Barabarani

Panda na wenzako wote watatu. Ikiwa uko peke yako, gari hii itakudanganya, kwa sababu ikibeba watu wanne ndipo inapogusa chini na ndipo shokapu zinaposema kweli. Toka Mwanakwerekwe, pita Jumbi, Tunguu, uende mpaka Jozani. Njia hii ina kila kitu: foleni, lami nzuri, kona, na pale msituni matuta yaliyowekwa kuwalinda kima punju wasigongwe.

Kwenye foleni sikiliza gia. Ukitia D ukiwa umekanyaga breki, gari ishike ndani ya sekunde moja, bila kugonga. Inapobadilisha kutoka ya pili kwenda ya tatu usisikie injini ikipaa kwanza kisha gia ikashika baadaye. Gia boksi hii haina kijiti cha kupimia oili kama tulivyozoea, na kwa sababu hiyo watu huisahau. Uliza ilibadilishwa lini na iliwekwa oili gani; inataka oili ya gia ya Toyota iitwayo ATF WS, haitaki yoyote iliyopo dukani.

Ukifika penye lami nyeupe isiyo na watu, ndani ya mwendo unaoruhusiwa, kutoka 40 kanyaga kwa nguvu mpaka 80. Hapa ndipo gari inapostahili jina lake. Inashuka gia, pua inainuka kidogo, mgongo unakaa kitini na sauti inajaa bila kupiga kelele. Ninaipenda sana dakika hiyo, sifichi. Lakini ukiwa ndani yake endelea kusikiliza. Mvumo unaoongezeka ukikanyaga na kupungua ukiachia unatoka kwenye difu. Mvumo unaobadilika ukikata kona ni beringi ya gurudumu. Mtetemo unaoanza mwendo ukipanda, chini ya kiti, unatoka kwenye shafti. Halafu, nyuma kukiwa hakuna mtu, funga breki kutoka 60 ukiwa umeushika usukani kwa wepesi. Ukitetemeka, diski zimepinda. Ukivuta upande, breki moja imeganda, jambo la kawaida kwa gari iliyolala muda mrefu karibu na bahari.

Pale Jozani, yavuke matuta kama anavyoyavuka mtu mwenye abiria, polepole na kwa kunyooka. Gari iteremke mara moja na kutulia. Ikipiga mara mbili, shokapu zimechoka. Ngo-ngo kavu mbele ni bushi au boljoint. Kishindo kimoja kizito ni tumbo lililogusa, na hapo angalia kama mtu ameishusha springi ili ipendeze. Mimi sishauri kabisa kuishusha gari hii kisiwani. Kiwanda kiliipa mbele na nyuma mikono ya kutosha ya kushika barabara, na springi iliyokatwa inaiharibu kazi hiyo yote.

Mvua ikinyesha siku hiyo, umebahatika. Magurudumu ya nyuma yanayosukuma huteleza kwenye lami yenye vumbi lililolowana, hasa matairi yakiwa ya zamani. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna kitufe kilichoandikwa SNOW, na watu hukicheka kwa sababu hatuna theluji. Kinaiondoa gari kwa upole, na kwenye tope la masika kinasaidia.

Aliyeko Pemba apime kwenye mpando. Barabara kati ya Mkoani na Chake Chake ina vilima na kona ambazo Unguja hatuna. Panda na watu wanne na kiyoyozi kikiwa wazi, jicho kwenye sindano ya joto. Ikipita nusu, rudi. Kwenye mteremko tumia gia za kushusha kwa mkono, kisha unuse breki mkisimama.

Mafuta yapime mwenyewe ukishapewa gari kwa siku moja au mbili: jaza mpaka bomba lijifunge, rudisha kilomita sifuri, tembea, jaza tena sheli ile ile, gawa. Yangu ya 2.5 inakwenda kilomita 8 kwa lita mjini na 11 nikienda shamba.

Mkisharudi

Egesha pahali sawa, zima, sukuma kipande cha boksi chini ya injini na gia. Subirini dakika kumi na tano, agizeni kahawa. Maji yanayotona upande wa abiria ni ya kiyoyozi, yapuuze. Kisha iwashe tena ikiwa ya moto: iwake mara moja, isikohoe. Izime, livute boksi. Likiwa kavu, sasa ndiyo muulize bei yake ya mwisho.